Watasema

Shaame alimpa mbwa wake jina: Watasema.
Nikamuuliza, nani hao watakaosema?
Akacheka. Hao hao. Wakianza tu, mbwa ataitika.

Na walisema. Makangale ni kijiji cha kusema.
Kwamba nyumba yetu malaika huipita kwa mbali
wakiwa wameshika pindo za kanzu.
Lakini nguruwe walipotoka Ngezi usiku kuingia muhogoni
mlango uliogongwa ulikuwa wetu:
Shaame, mtoe Watasema!

Mimi sikumgusa hata siku moja.
Chungu chake mbali, kifuu chake cha maji mbali,
na siku aliponigusa gauni kwa pua yake mbichi
nililiosha mara saba, moja kwa udongo,
naye amekaa pembeni ananitazama
kama anayenisaidia kuhesabu.

Nilimjulia ukutani.
Upande wake ua, upande wangu kitanda.
Miaka tisa.

Kubweka kwa mfululizo, pasi na kuvuta pumzi: mgeni.
Kubweka mara moja, kukavu, kama nazi iliyoanguka:
hapo haulizi kitu,
anataka tu ijulikane kuwa yuko macho.
Na ule mngurumo wa chini, uanziao tumboni,
unaotia mtikisiko hata kwenye udongo wa ukuta,
mimi niliuita ukali.
Shaame akanambia gizani: sikiliza tena.
Hiyo ni hofu. Imevaa buti tu.

Kisha kulikuwa na kile kilio chembamba,
bawaba isiyotiwa mafuta.
Nilidhani njaa. Nikamsukumia ukoko wa wali kwa ufito.
Hakuutazama.
Alikuwa ameielekea njia ya Konde,
Shaame alikokwenda na gunia la muhogo tangu asubuhi.
Nilitaka kumwambia, hata mimi.
Nikaona haya. Mtu na mbwa.

Mwaka juzi, msimu wa karafuu,
Shaame alianguka akiwa bado na pishi mkononi.
Wete wakamrudisha na nusu ya mdomo.
Maneno yamekwenda, daktari alisema, sauti imebaki.
Nduguze wakajaa chumbani
wakimsemesha kwa kelele kama kiziwi:
Maji? Uji? Tukugeuze?
Akatoa sauti. Wakatazamana.
Kaka yake mkubwa, Hamad Faki, akasema amekasirika,
kiharusi humbadilisha mtu tabia.

Nilikuwa jikoni nachuja tui.
Nikaisikia, ile ya chini, ya tumboni.
Kifumbu kikabaki hewani kinadondosha.

Hajakasirika, niliwaambia. Anaogopa.
Zimeni hiyo taa. Tokeni, abaki mmoja.
Walinitazama, mwanamke mwenye tui hadi viwikoni,
lakini wakatoka.
Mngurumo ukashuka, ukashuka, ukawa pumzi.

Siku ya nne akaitoa nyembamba.
Nikaufungua mlango wa uani.
Watasema alikuwa amelala kizingitini,
kifuu chake kimejaa maji yenye majani,
na mkia ukapiga chini mara mbili, basi.

Jirani yangu Mkasi huniuliza nilijifunza wapi
kumwelewa mtu asiyesema.
Humjibu: mapenzi.
Ni neno tohara, halihitaji udongo.

Lakini ipo sauti moja bado imenishinda.
Huja kabla ya adhana ya alfajiri,
wakati hata majogoo hayajakubaliana.
Mbwa huitoa nje, ndefu, kwa puani,
na kitambo kidogo Shaame naye huitoa ndani.
Si njaa. Si hofu. Hakuna anayesubiriwa,
sote tupo.
Nimeigeuza huku na huku, sipati jina lake.

Juzi nimejishika naitoa mimi.